Steshenari ya mamdogo Nyegezi, na jinsi nilivyokosea Linux mara ya kwanza

Mamdogo wangu ana fremu ya steshenari Nyegezi, Mwanza, njia ya kwenda Malimbe. Asubuhi wanajaa wanafunzi na risechi zao, mchana watu wa kujaza maombi ya ajira na mikopo, jioni kamati za harusi na kadi za michango. Mashine ya kazi ni moja tu, deskitopu ya mtumba Core i5-4570, RAM GB 4, hadi diski ya GB 500 ile ya kuzunguka, ina Windows 10 ya kuchakachua iliyopigwa na fundi ambaye namba yake haipatikani tena. Pembeni kuna printa mbili, leza ndogo nyeusi ya kuchapa makaratasi mengi na ile ya wino wa matenki kwa ajili ya rangi.

Oktoba 2025 akanipigia. Shikamoo mamdogo, marahaba baba, hii kompyuta inaniambia muda umeisha, muda gani tena? Ni ule ujumbe wa Microsoft kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 ndo mwisho wa apdeti za usalama za bure kwa Windows 10. Nikamwambia haizimiki, itaendelea kuwaka kama kawaida, ila kila tundu jipya litakalogunduliwa kuanzia leo halizibwi, na wewe kazi yako ni kuchomekewa flashi za watu mia kwa siku.

Kwenda Windows 11 haikuwezekana kwa njia halali. Wao wanataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa Intel prosesa kuanzia kizazi cha 8. Kujua ya kwako ni ya ngapi angalia namba zinazofuata baada ya i3, i5 au i7: 4570 inaanza na 4 kwa hiyo ni kizazi cha 4, 8250 ni cha 8, 10210 ni cha 10. Zipo mbinu za kulazimisha, vijana wa mjini wanazifanya kila siku, ila mimi sikutaka kumwekea mamdogo kitu cha kulazimisha halafu apdeti moja ije ikigomee siku ya mwisho ya maombi ya mkopo. Kuna na ule mwaka mmoja wa nyongeza ya apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026, lakini kwa windo ya kuchakachua sikuhangaika nao.

Basi nikasema Linux, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Na hapa ndo nilipoharibu, naandika kirefu kwa sababu naona watu wengi wanaharibu hapahapa.

Linux ziko za aina nyingi, kila aina inaitwa distro. Mimi kwangu natumia Fedora, naipenda, naijua. Kwa hiyo sikujiuliza chochote, nikaenda Jumapili fremu ikiwa imefungwa, nikahamisha mafaili yote kwenye hadi diski ya nje (hiyo angalau nilifanya vizuri), nikaweka Fedora 42 yenye GNOME (ndo sura yake ya madirisha na menyu), nikaondoka najisikia mtu wa maana. Jumatatu saa mbili na nusu simu. "Baba, kile kialama cha kushusha dirisha chini umekiweka wapi?" Sikuelewa. Kumbe GNOME ya Fedora ikija kama ilivyo, dirisha lina kitufe kimoja tu pale juu, cha kufunga. Cha kushusha chini hakipo, mpaka ukiweke mwenyewe. Mimi miaka yote natumia kibodi nilishasahau kama kuna watu wanashusha madirisha. Mamdogo ana wateja watatu wamesimama, kila mmoja faili lake liko wazi, yeye njia aliyonayo ni kufunga la huyu ili aone la yule. Alifunga risechi ya mtu bila kusevu.

Hilo la kwanza. La pili bando. Anatumia kile kirauta cha mkononi cha laini, na duka la programu la GNOME lina tabia ya kushusha apdeti lenyewe kimyakimya likiona intaneti ipo, na Fedora apdeti zake ni nyingi kwa sababu ndo asili yake, inakimbilia vitu vipya. Bando la wiki likaisha Jumatano. Kuna swichi ya kuiambia mashine kwamba intaneti hii ni ya kulipia kwa kipimo, isishushe kitu bila ruhusa, najua ipo, sikuiwasha. La tatu ni jamaa alikuja na video ya send-off anataka ikatwe picha za kuprint, video ikagoma kufunguka, maana Fedora haiji na kodeki zote (vile vya kufungulia video) kwa sababu za hataza, inabidi uongeze hazina ya RPM Fusion wewe mwenyewe. La nne ni ile leza. Mtengenezaji wake (jina naliacha) ametoa draiva ya Linux ya zamani kidogo, ile ya .rpm (kifurushi cha familia ya Fedora) ikadai maktaba ambayo Fedora ilishaachana nayo. Nikachagua draiva ya jumla nikasema liwalo na liwe, ikatoa nusu ukurasa mzuri halafu herufi za kama Kichina ukurasa baada ya ukurasa, rimu inatafunwa mpaka mamdogo akachomoa waya ukutani.

Siku nne. Fedora haina kosa hapo, iko vilevile ilivyotangaza kuwa itakuwa. Na matoleo yake kila moja linahudumiwa kama miezi 13 tu, maana yake kila mwaka ningekuwa napandisha toleo kwenye mashine ya biashara. Nilimchagulia distro ya kwangu mimi.

Jumamosi nikarudi na daftari badala ya flashi, na hii ndo kazi ambayo ingetakiwa iwe ya kwanza. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta toka asubuhi nikiandika anachofanya. WhatsApp Web, hii ndo kubwa kuliko zote, watu wanatuma faili kwa WhatsApp linaingia kwenye Downloads linachapwa. Flashi. Fotokopi, haihusu kompyuta. Kuandika barua na mihtasari ya vikoba kwa Kiswahili. Mfumo wa mikopo, tovuti ya ajira, TRA, matokeo ya NECTA, yote hayo ni brauza tu, yanafunguka Linux sawasawa. Kuskani vyeti. Pasipoti saizi. Na kadi za michango kwenye Publisher (programu ya Microsoft ya kupangia kadi), hapo nikaweka alama ya kuuliza kubwa.

Halafu nikageuza printa zote mbili chini juu nikaandika modeli, nikaenda kutafuta moja moja kama zina draiva ya Linux na ya aina gani. Ya wino haikuwa na neno, inakubali bila kuwekewa kitu. Ya leza ilikuwa na .deb (kifurushi cha familia ya Debian). Tayari hapo familia imejichagua yenyewe: Debian, Ubuntu, Mint, Zorin na ndugu zao. Arch na Manjaro zikatoka bila mjadala, siwezi kumwekea mtu mfumo unaobadilika kila siku halafu mimi nashinda Sengerema kikazi. Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, navuka kilomita zile 3 chap tofauti na enzi za kusubiri feri, lakini bado sio mbio za kuja kurekebisha printa.

Na hilo la Sengerema lilinipa swali ambalo naona lina uzito kuliko la RAM: mimi nisipokuwepo nani ataitwa? Fremu ya tatu kutoka kwa mamdogo kuna kijana anapiga windo na kutengeneza simu. Nikaenda nikamuuliza bana Linux unaijua? Akasema Ubuntu aliisoma chuo, zile amri za apt za kuweka programu anazikumbuka. Basi, apt ndo apt, iwe Ubuntu, Mint au Debian.

Ubuntu 24.04 yenyewe niliifikiria. Imetoka Aprili 2024, inahudumiwa miaka 5, ina jina, ukitafuta tatizo lolote mtandaoni jibu lipo. Ila faili lake la kuwekea linakaribia GB 6, ni bando la mtu hilo, na ukishaweka brauza yake inakuja kama snap (kifurushi kinachobeba vyake vyote) ambayo kwenye hadi diski ya kuzunguka inafunguka kwa kujivuta, na ni GNOME tena, japo ya Ubuntu angalau ina kitufe cha kushusha dirisha. Debian 13 ya Agosti 2025 ilinivutia sana, mimi ningekuwa nakaa jirani ningeiweka, ngumu kama jiwe la Bismarck pale ziwani. Lakini ina mambo mengi ya kukamilisha kwa mkono. Zorin nzuri kwa macho, nikaiacha tu, sina sababu kubwa.

Ikabaki Mint 22.2, toleo la Xfce, yaani sura nyepesi. Faili kama GB 3. Imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 hivyo .deb zinaingia, inahudumiwa mpaka 2029, haiji na snap, menyu iko chini kushoto pale mkono wa mamdogo unapokwenda wenyewe. Meneja wake wa apdeti anakuonyesha kuna kitu kipya lakini hashushi mpaka ubonyeze, labda umwambie vingine. Xfce nimeichagua badala ya Cinnamon (sura nyingine ya Mint) kwa ajili ya zile GB 4, Cinnamon ni nzuri zaidi na ingeweza kukaa, ila ukiongeza Chrome na tabu nane za wateja inaanza kustaki.

Safari hii sikuweka kitu kabla ya kujaribu. Flashi moja nikaipiga Ventoy, yaani ukishaiandaa mara moja unabandika tu mafaili ya ISO (yale ya kuwekea mfumo) kama unabandika nyimbo, ukibuti inakupa orodha uchague, nikatia Mint, nikatia na Debian kama akiba. Tukawasha Mint kutoka kwenye flashi bila kugusa hadi diski, mamdogo mwenyewe ndo amekaa kitini mimi nimesimama nyuma mikono mfukoni. Ile antena ndogo ya USB ya waifai haikuonekana kabisa. Nikachukua waya wa kuchajia nikaunganisha kirauta moja kwa moja kwenye USB ya mashine, ikasoma kama intaneti ya waya palepale, na mpaka leo inatumia hivohivo, tena kirauta hakiishi chaji. Draiva ya leza nikaibofya mara mbili ikaingia hukohuko kwenye flashi, ukurasa wa majaribio ukatoka safi. Mamdogo akashusha dirisha chini, akalipandisha, akalishusha tena, akanitazama. Hakusema kitu. Nikaweka.

Sasa fonti, maana hapa ndo steshenari inapokufa au kupona. Risechi zote zinadaiwa Times New Roman, saizi 12, nafasi moja na nusu. Mint haina Times New Roman kwa sababu ni mali ya watu, LibreOffice, ambayo ndo Word ya huku, inaweka Liberation Serif ambayo herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo kwa kawaida mistari haihami, lakini sura kidogo ni tofauti na msimamizi wa mwanafunzi ana jicho la mwewe. Kuna kifurushi kinaitwa ttf-mscorefonts-installer kinaleta Times, Arial na wenzao. Ukikiweka kwa amri kinafungua ukurasa wa masharti, na hapo wengi wanakwama, mausi haifanyi kazi, Enter haifanyi kitu, unadhani imestaki. Bonyeza Tab mpaka OK iwake rangi ndo upige Enter, halafu tena Tab, Yes, Enter. Calibri na Cambria hazimo humo, kwa hizo kuna Carlito na Caladea, zimetengenezwa kwa vipimo vilevile.

Hata na fonti zote, docx yenye vichwa vya jedwali vilivyokorogwa na namba za kurasa za Kirumi kisha za kawaida, LibreOffice huwa inaisogeza. Sitadanganya. Siku ya kwanza binti wa mwaka wa tatu, yaliyomo yanasema sura ya nne iko ukurasa wa 31, yenyewe iko 32. Tukakubaliana na mamdogo kibao kibandikwe kaunta: RISECHI ILETWE PDF. Simu yoyote yenye Word inaweza kusevu PDF, anamwelekeza mteja palepale, na kwa kweli malalamiko ya "kwangu ilikuwa sawa" yamepungua kuliko hata enzi za Windows. Anayetaka kurekebisha maneno kwanza, anarekebishiwa kwenye LibreOffice na anaambiwa aangalie kurasa zote kabla ya kuprint. Na kwa barua za Kiswahili tuliweka hunspell-sw (kamusi ya kukagua tahajia), ile mistari myekundu chini ya kila neno ikapungua sana. Mamdogo alifurahia hii kuliko kitu kingine chochote nilichofanya, anasema zamani barua ilikuwa kama imetokwa damu.

Kuhusu flashi, kuna siku nilikuwepo. Kijana kaja jasho linamtoka, flashi yake kila mashine inaonyesha shotkati moja tu, akibofya inafunguka hivi halafu inasema kuna virusi, wasilisho lake saa nane. Kuichomeka kwenye Mint tukaona vitu vitatu: ile shotkati yenye .lnk mwishoni, kifaili kimoja cha .vbs, na folda isiyo na jina. Yaani ina jina, ila jina lenyewe ni herufi moja ya nafasi tupu, na kwenye Windows imefichwa ndo maana haionekani. Kufungua, kila kitu chake kimo, mpaka picha za mahafali ya kidato cha sita. Tukatoa mafaili yake nje ya ile folda, tukafuta ya ovyo. Ile .lnk na .vbs ni amri za Windows, kwenye Linux zimekaa tu kama karatasi. Mwangalizo ni kwamba mashine haiumwi lakini inaweza kubeba, ukikopi flashi nzima kama ilivyo ukampa mteja mwingine umemwambukiza wewe.

Jambo la umeme lilikuja wiki ya tatu. Mvua ile ya kutoka ziwani, jioni, mamdogo kabonyeza apdeti maana nilimwambia Jumapili kwa Jumapili abonyeze, katikati umeme ukakatika, na UPS yake betri ilishakufa inashikilia kwa sekunde chache tu. Umeme kurudi mashine inaishia skrini nyeusi. Nilikuwa Sengerema. Nikampigia yule kijana wa fremu ya tatu, chomeka ile flashi ya Ventoy iko kwenye droo, buti Mint, fungua Timeshift, chagua diski ya mashine, chagua picha ya juzi, rejesha. Timeshift inakuja na Mint, hata kwenye flashi ipo, inapiga picha ya mfumo mzima (mafaili yako binafsi haiyagusi, hayo ni backup nyingine) ila LAZIMA uiwashe ratiba wewe, haijianzishi yenyewe, mimi niliiwasha siku ileile ya kuweka nikaiambia ibaki na picha tatu za kila siku. Ilichukua kama nusu saa kwenye ile hadi diski ya kizee. Ikawaka. Kwa siku hiyo moja nilijilipa.

Baada ya hapo nikamwambia mamdogo anunue betri ya UPS na SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240, RAM akaongezewa GB 4 za mtumba zikawa 8. Niseme tu ukweli wa fundi, ile SSD imefanya kazi kubwa kuliko mabishano yote ya distro niliyowahi kubishana. Zamani kuwasha alikuwa anafagia fremu nzima mashine bado inazunguka, saiv hata ufagio hajaushika.

Kadi za michango ndo sikuzimaliza. Ana mafaili ya Publisher ya miaka, kadi za send-off, za kipaimara, za arobaini. LibreOffice Draw inafungua .pub lakini maua yanahama, majina yanapanda juu ya picha, kadi moja ya kitchen party ilifunguka bibi harusi yuko nje ya karatasi. Microsoft wenyewe wametangaza Publisher wanaiacha Oktoba 2026 kwa hiyo kule nako hakuna makimbilio. Nilijaribu kumfundisha Inkscape (programu ya bure ya kuchorea), jioni mbili, akaniambia mwanangu mimi nina miaka hamsini na nne. Tukaichukua ile laptop ya binti yake, Windows imo, intaneti haiunganishwi kabisa, kazi yake kadi tu, faili likiisha linatolewa PDF linaletwa Mint kuchapwa. Mbili tatu tayari nimezijenga upya Inkscape mimi mwenyewe usiku, zile zinazoulizwa sana, yeye anabadilisha majina na tarehe tu. Zimebaki kama arobaini.

Juzi nimepita, jirani yake wa uwakala wa pesa akanivuta pembeni, na yeye anataka awekewe hiyohiyo ya mama. Nikamuuliza printa yako modeli gani. Akasema hana printa, hana hata Word, anataka tu aangalie mpira na YouTube wateja wakipungua. Nikacheka, nikamwambia wewe njoo nikuonyeshe zote kwenye flashi uchague yenye picha nzuri.